Ndago za Mama Jacob

Pale Mnyuzi, ukitoka stesheni ukaifuata reli kidogo kuelekea upande wa Hale, utalikuta shamba la Rhoda, na hutahitaji kuuliza ni la nani. Mashamba ya watu wengine yana majani, kama ilivyo kawaida ya binadamu. La Rhoda halina. Mahindi yamesimama kwenye mistari, maharage yako katikati yake, na nyuma ya nyumba kuna bustani ya mchicha, bamia na nyanya chungu ambayo udongo wake umelainishwa hadi mtu anaona haya kuukanyaga. Wapita njia husimama kutazama, na Rhoda, ambaye wengi humwita Mama Jacob, hujifanya hajawaona. Anawaona vizuri sana. Huinamisha kichwa, hupalilia kwa bidii zaidi, na akirudi ndani humsimulia mumewe, Dunstan, nani alisimama leo na alitingisha kichwa namna gani.

Tusimwonee. Sifa ile aliitolea jasho. Babu yake aliletwa kutoka Kigoma akiwa manamba wa kukata mkonge, akazeekea hapo bila kuwa na hata tuta moja la kuliita lake. Ni baba yake aliyepata eneo hilo, shamba la mkonge lilipokufa na watu kugawana ardhi. Rhoda alikua akisikia kwamba watoto wa manamba hawajui kulima, wanajua tu kukata majani ya tajiri. Maneno hayo yalimwingia mpaka kwenye mifupa. Alipolirithi shamba, aliapa kwamba hakuna mtu atakayepita hapo akaona gugu. Sasa ni mama wa makamo, magoti yanamsumbua, na mwanawe Jacob yuko Tanga mjini na familia yake, lakini kila kukicha bado anashika kijembe.

Adui yake mkubwa ni ndago. Anayelima Korogwe au Handeni hahitaji kuelezwa, ila kwa aliyebahatika kutozijua: ni majani membamba, mazuri hata kuyatazama, lakini chini yana vifundo vidogo vyeusi vilivyoungana kwa nyuzi. Ukizikata kwa jembe umezizidisha. Ukizing'oa na kuziacha juu ya udongo, mvua ikinyesha zinashika upya. Inabidi uzichimbue pamoja na vifundo vyake, uzikung'ute, uzitie kwenye kiroba na kuzitoa shambani, kisha uzianike juu ya bati mpaka zikauke kabisa, ndipo uzichome. Ni kazi inayochosha mgongo na roho. Rhoda aliifanya yote, isipokuwa hatua ya mwisho, ya kuanika na kuchoma.

Shamba lake limepakana na la Mwaija, na mpaka wao ni mstari wa mikonge uliopandwa na wazee wao. Mwaija ni Mzigua wa Misima, kule Handeni, aliyeolewa Mnyuzi akiwa msichana mbichi. Ni Mwislamu, na ni mkubwa kwa Rhoda kiasi kwamba Rhoda humwamkia shikamoo na kumwita bibi. Waliishi vizuri miaka mingi. Idi ikifika, sahani ya pilau ilivuka mikonge kwenda kwa Rhoda. Krismasi ikifika, Rhoda alimpeleka kuku wake akachinjwe na Hussein, mume wa Mwaija, ili nyumba zote mbili ziweze kula bila mtu kusitasita.

Hussein alipofariki, Rhoda ndiye aliyesimama jikoni msiba mzima, macho mekundu kwa moshi. Kisha Mwaija akakaa eda kama dini yake inavyomwagiza mjane, akatulia ndani miezi ile yote, jembe limeegemezwa ukutani. Ilikuwa masika. Shamba lake likaota majani mpaka kiunoni. Na masika hayo hayo ndago zilimjia Rhoda kwa fujo, jua likawa la kuonjeshwa tu, hakuna cha kukauka wala kuwaka. Siku moja alisimama na kiroba kimejaa, akatazama ng'ambo ya mikonge, akaona kule kumeshakuwa pori. Akakimwaga. Hakuna aliyemwona, na yeye mwenyewe hakuona kwamba ametenda jambo. Alikikung'uta kiroba, akarudi kupalilia huku akiimba wimbo wa kanisani.

Eda ikaisha, Mwaija akarudi shambani, na Rhoda akaendelea kumwaga, akizitawanya chini ya majani ya mikonge. Kwa nini hakuacha? Ukimuuliza leo, hana jibu zaidi ya kusema kwamba mkono ulishazoea. Kiroba kikijaa, miguu inaelekea kwenye mikonge yenyewe. Alikuwa akichagua wakati Mwaija hayupo, hilo anakubali, na hilo ndilo linalomuumiza kuliko mengine, kwa sababu mtu asiyejua kwamba anakosa hachungulii kwanza.

Na huyu ni mtu wa kanisa, tena si wa kukaa benchi la nyuma. Ni Mwanglikana wa kuzaliwa. Kila Kwaresima alikwenda kuungama, akaorodhesha makosa yake kwa utaratibu: alimnunia Dunstan, aliwasengenya wenzake, alisinzia wakati wa mahubiri. Padre alimpa maneno ya faraja, naye akarudi nyumbani mwepesi. Ndago hakuzitaja hata mara moja. Hakuzificha pia. Kwake yeye zile zilikuwa habari za kilimo, na habari za kilimo nani anampelekea padre?

Kwaresima ya mwaka huu Padre Abraham alitangaza mafungo ya akina mama. Somo lingekuwa namna ya kuutunza moyo kama mtu anavyoitunza bustani, na badala ya kukaa kanisani, Jumamosi wangekwenda na majembe yao kwenye shamba la Mama Jacob, na Mama Jacob mwenyewe ndiye angefundisha. Alisema haoni shamba jingine lenye haki ya kufundishiwa hapo. Kanisa zima likageuka. Rhoda alitazama sakafu kwa unyenyekevu mkubwa, lakini ndani alikuwa anapaa.

Wiki hiyo aliliandaa somo lake huku akisonga ugali. Hasira, alisema, ni majani ya juu juu, unayang'oa kwa mkono mmoja. Wivu una miiba, unahitaji uvumilivu. Lakini dhambi ya siri ni ndago, juu inapendeza na chini inazaa. Dunstan, akisubiri chakula, aliitikia amina mahali panapostahili, na mara moja mahali pasipostahili kabisa. Alhamisi Rhoda aliingia shambani alfajiri na kupitia kila tuta, maana mvua za kwanza zilishaziamsha ndago. Viroba vikajaa kimoja baada ya kingine. Mlango wa Mwaija ulikuwa umefungwa. Akavimwaga vyote ng'ambo, vingi kuliko siku yoyote iliyopita, kwa sababu alitaka Bwana akute pasafi.

Ijumaa alasiri Mwaija alikuja mwenyewe. Rhoda alimwamkia, akamtolea kiti kivulini, akamwekea chai. Mwaija hakuigusa. Alikaa akikunjakunja ncha ya khanga yake, kisha akasema kwamba anarudi Misima. Kaka yake, Rehani, amemwita, na Jumatatu angekuja kumchukua.

Rhoda alidhani ni ugonjwa, akauliza. Mwaija akasema si ugonjwa.

"Shamba limenishinda, mwanangu. Ndago. Leo nachimbua, keshokutwa zimejaa tena. Enzi za Hussein hazikuwepo. Nimekaa nikafikiri, nikaona ni mimi. Mikono yangu imekuwa mivivu."

Rhoda alimsogezea kikombe.

"Basi nimeona nilikabidhi kwako," Mwaija akaendelea. "Sitaki chochote. Nataka tu likae kwa mtu anayejua kupalilia, marehemu asiaibike."

Hapo ndipo Rhoda angeweza kusema. Kulikuwa na nafasi, kulikuwa na utulivu, walikuwa wawili tu. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema ahsante bibi. Alisema ahsante kwa sauti ile ile anayoitumia kupokea pilau ya Idi. Mwaija akamshika mkono, akamwombea heri, akaondoka polepole kupita upenyo wa mikonge.

Rhoda alipohakikisha Mwaija ameingia ndani, alikwenda mpakani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule akatazama ng'ambo kwa nia ya kuona. Ndago zilikuwa nene zaidi pale kando ya mikonge, zimekoza kijani, kisha zikasambaa kwenda ndani mpaka kwenye mihogo, nayo mihogo imedumaa, majani ya njano. Palikuwa na bati kuukuu lililotandazwa juu ya mawe, na juu yake ndago zilizoanikwa, zilizokung'utwa udongo, zimepangwa vizuri. Mwaija alikuwa anafanya mpaka hatua ya mwisho. Mwanamke wa umri ule, peke yake, alichimbua na kuanika na kuchoma, na kabla jivu halijapoa jirani yake alikuwa anamwagia nyingine. Rhoda akakaa chini pale pale.

Jioni wakila, alimweleza Dunstan. Dunstan akakiri kwamba alikuwa akimwona akimwaga; yeye alidhani wanawake hao wamepatana wenyewe. Halafu akatoa ushauri wa mume anayempenda mkewe. Kesho afundishe kama alivyojiandaa. Baadaye ataling'arisha shamba lile taratibu, si limeshakuwa lake? Kwa nini ajidhalilishe mbele ya akina mama na kulitia kanisa doa, bure? Nani atakayejua?

Ushauri ule ule Rhoda alikuwa ameshajipa mwenyewe kabla chakula hakijaiva, na ulikuwa umemwingia vizuri. Ulipotoka kinywani mwa mtu mwingine ulinuka.

Hata hivyo Jumamosi aliamka akavaa gauni lake jipya. Akina mama walifika wakiimba, majembe mabegani. Padre Abraham alifungua kwa sala, akaomba radhi kwamba ana mazishi Hale, akaondoka na pikipiki yake. Rhoda akabaki amesimama mbele ya tuta la mchicha, macho yote kwake, na akaanza. Maneno yalitoka vizuri. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba yalitoka vizuri hivyo. Alisema juu ya hasira, wakacheka kwa kujitambua. Alisema juu ya wivu, wakatazamana. Alipofika kwenye ndago aliinama, akaipata moja iliyomponyoka Alhamisi, akaichimbua polepole na kuwaonyesha vifundo vyake vinavyoning'inia. Mwenyekiti wao, Yasinta, alitikisa kichwa, akasema kweli moyo wa mtu ni kazi.

Loveness, binti aliyeolewa juzijuzi na ambaye alikuwa bado anajifunza kushika jembe, aliinua mkono. Alitaka kujua jambo dogo tu.

"Ukishazitoa, mama, unazipeleka wapi?"

"Nachoma," Rhoda akasema.

Wote wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Akajiambia kwamba amepita, sasa amalizie na sala, wale chakula, waende. Lakini pale pale upenyo wa mikonge ukatikisika, na Mwaija akatokea amebeba sufuria ya mihogo ya kuchemsha, imefunikwa kwa sahani. Alikuwa amesikia kwamba jirani yake ana wageni wa dini, na hakutaka waondoke bila kuonja kitu cha kwake. Akina mama wakamwamkia. Yasinta akampokea sufuria na kuiweka juu ya gogo.

Mwaija hakuwa mtu wa hotuba, lakini siku hiyo alitaka kuaga. Akawaambia kwamba ng'ambo ile pia ni ya mwalimu wao kuanzia Jumatatu, amempa kwa moyo mweupe, na akawaomba nao wamwombee kwa Mungu, kwa namna yao, kwa sababu yeye mikono yake imemwangusha. Vigelegele vikapigwa. Mtu mmoja akasema huo ndio ujirani. Yasinta akamgeukia Rhoda aseme neno la shukrani.

Rhoda alitazama mikono ya Mwaija. Ilikuwa imepasuka kwenye vidole, na udongo umeingia kwenye mipasuko, ile ya mtu aliyekuwa akichimba jana na juzi.

"Sizichomi," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, na waliokuwa nyuma wakauliza amesema nini. "Nimewadanganya. Ndago sizichomi. Namwaga kwa bibi." Kisha akamgeukia Mwaija, kwa sababu aliona kuwa akiendelea kuzungumza na wale wengine atakuwa bado anafundisha. "Bibi, mikono yako si mivivu. Ndago zile ni zangu. Nilianza kuzimwaga ulipokuwa ndani ya eda, na sijaacha. Juzi nimemwaga tena."

Loveness alitazama jembe lake. Rhoda alikuwa amepiga magoti, hakumbuki alipiga saa ngapi, na gauni jipya limelowa udongo.

Mwaija hakupandisha sauti. Aliuliza kitu kimoja, kama mtu anayetaka kuhakikisha jina la marehemu.

"Nikiwa ndani ya eda?"

Rhoda akaitikia kwa kichwa.

"Kila nikimaliza kuswali nimekuwa nikimwomba Mungu anisamehe uvivu," Mwaija akasema. "Nimekwenda kwenye kaburi la Hussein nikalia, nikisema nimelitupa shamba lake. Kumbe muda wote huo nilikuwa natubia kosa lako."

Aligeuka akarudi alikotoka. Hakuna aliyemfuata. Akina mama walibaki wameizunguka ile sufuria, hawajui kama mihogo ile bado ni ya kuliwa. Mwishowe Yasinta akasema mtu amepika, tusimtupie chakula chake, akaigawa. Wakala. Rhoda alipewa kipande, akakishika mpaka kikapoa. Hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyemwambia pole. Walipoondoka hawakuimba.

Jumapili hakwenda kanisani. Ilikuwa mara ya kwanza kukosa bila kuumwa. Alikaa nyuma ya nyumba akijaribu kusali, na kila alipoanza alijikuta anamweleza Mungu namna alivyosema ukweli mbele ya watu, kana kwamba anadai kitu. Akaacha. Akajaribu tena bila kujitaja kwa wema, na hakuwa na la kusema isipokuwa jina la Mwaija. Akalisema hilo tu. Hakuona wepesi ule aliozoea kutoka nao kwa padre.

Jumatatu asubuhi Rehani alifika na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, akapakia kitanda, masanduku na mapipa mawili ya maji, likabaki tenga la kuku. Rhoda alivuka mikonge bila kuitwa. Aliamkia, Mwaija akaitikia, maana salamu hainyimwi. Rhoda akanyanyua tenga la kuku kulisogeza garini, na Rehani, ambaye ni wazi ameshaambiwa kila kitu, akalichukua mikononi mwake bila kumtazama.

Kisha Rhoda akasimama mbele ya Mwaija, akasema alichokuwa amekikusanya tangu Jumamosi. Alisema shamba halipokei. Ni la Mwaija na litabaki la Mwaija. Aliomba tu ruhusa ya kulipalilia, kila siku, mpaka ndago ya mwisho itoke na kuchomwa, hata ikichukua miaka. Na siku litakapokuwa safi, angempigia simu Misima, ili akitaka arudi.

Mwaija alikuwa anafunga khanga ya kichwani. Aliimaliza kuifunga kwanza.

"Dini yangu inaniamuru nikusamehe, na nitakusamehe, nipe muda," alisema. "Palilia, sikukatazi, ingawa jirani yako siwezi kuwa tena. Lakini usinipigie simu. Siku nitakayosikia limekuwa safi, nitajua kwamba lilikuwa linasafishika, na mimi nimeshalihama."

Rehani akamsaidia kupanda mbele. Kirikuu kikapinda kwenye njia ya kuelekea barabara kuu, na Rhoda akachukua kiroba na kijembe, akapiga magoti penye ndago nene zaidi, kando ya mikonge, akaanza kuchimbua.